Maji Yaliyoshuka Motoni

Krismasi iliyopita nilipanda nyumbani Kilema, kama kila Mchagga aliyepata nauli, nikakuta kaburi la babu limewekewa vigae. Vyeupe, vinang'aa kama sakafu ya benki za pale mjini Moshi. Nikasimama mbele yake na chupa yangu ya maji ya kunywa, na kabla sijajizuia nikaimimina yote. Mtoto wa kaka yangu akauliza, "Shangazi, unaosha?" Nilimwambia ni habari ndefu. Wewe, rafiki yangu, huna haraka, kaa nikusimulie.

Babu alikufa bila kubatizwa. Hakukataa, aliahirisha tu. Kila alipokumbushwa na bibi alisema ngoja kahawa iishe, na kahawa ilikuwa haiishi: ukimaliza kuchuma kuna kumenya, kuna kuosha, kuna kuanika, na ukiinua macho mibuni imeshachanua tena. Akafa mibuni ikiwa imechanua. Tulimzika kihambani, shamba letu la nyumbani, katikati ya migomba, nami sikuwa na wasiwasi naye mpaka nilipoanza mafundisho ya komunyo ya kwanza.

Mwalimu wa dini alikuwa jirani yetu wa upande wa chini, mtu mpole mwenye picha ya kutisha. Aliibandika kwenye kadibodi na kuitundika ubaoni: jehanamu. Watu mikono juu, midomo wazi, na moto mwekundu kuliko wowote niliowahi kuuona jikoni kwa bibi. Alitufundisha kwamba humo ndani kuna kiu na hakuna hata tone, na kwamba asiyebatizwa haoni mbingu. Pembeni mwa picha palikuwa na mzee mwenye upara. Nikamtazama sana, nikamjua.

Wiki hiyo kiburu hakikunipita kooni, na kiburu cha bibi, ndizi na maharage yaliyolainika, chenye moshi wa kuni kwa mbali, hakijawahi kumshinda mtu. Gauni langu jeupe lilikuwa limeshashonwa, limening'inia ukutani. Niliapa moyoni kwamba sitalivaa. Nikipokea komunyo nitakwenda mbinguni, na babu atabaki kule peke yake na watu asiowajua.

Jumamosi ilikuwa zamu yetu ya mfongo. Mfongo ni mfereji uliochimbwa na wazee kuteremsha maji ya mlimani mpaka vihambani. Kila nyumba ina saa zake, na unafungua na kuziba kwa vipande vya mgomba na udongo. Bibi alinituma niyaelekeze maji kwenye maharage. Niliyaelekeza kwa babu. Nilichimba njia kwa jembe mpaka kichwani pake, nikakaa kusikiliza udongo ukinywa. Ulikunywa kama mtu. Nami sikuona sababu ya kuziba wakati bado ana kiu.

Mchana mwalimu akaja kwa bibi anahema, matope mpaka magotini. Alikuwa amefura, lakini kwetu hata hasira husubiri salamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Nani kakufukuza?"

"Maji, mama! Zamu yangu imeanza na mfongo mkavu kama barabara. Miche yangu ya kahawa inakauka!"

Wakaufuata mfereji wangu, wakanikuta. Kaburi lilikuwa jaruba la mpunga, utadhani tuko Mabogini.

"Unafanya nini, mtoto wewe?" bibi akauliza.

"Nampoza babu."

"Kaunguzwa na nini?"

"Na moto. Mwalimu kasema hawapewi hata tone."

Nilitegemea fimbo. Bibi alinitazama, kisha akamgeukia mwalimu, rozari ikiwa bado shingoni.

"Haya, mwalimu. Maji yako yameshuka motoni. Nenda kayadai."

Mwalimu akavua kofia. Akawa anakung'uta tope ambalo halikung'utika. Halafu akachuchumaa mbele yangu.

"Huyu mzee ndiye aliyenifundisha kuziba mfongo," alisema. "Mimi nafundisha nilivyofundishwa. Lakini hukumu yake Mungu hakuniachia mimi. Na mimi namwombea kila siku, hujui?"

Sikujua. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyemkumbuka.

Akaliendea tundu nililolifungua, nasi tukadhani anakwenda kuliziba. Hakuliziba lote. Aliacha upenyo wa kiganja. "Mama, yaache yapite mpaka jioni," alimwambia bibi. "Hii ni zamu yangu."

Jumapili ya komunyo nilivaa gauni. Picha sikuiona tena ubaoni.

Nimesoma chuo kikuu tangu hapo, nimeandika kurasa nyingi kuhusu hukumu na rehema, zenye maneno ambayo bibi angeniamuru niyateme. Mpaka leo sijui kuna nini upande wa pili. Ninachojua ni upenyo ule, na kila ninaposali huwa naanzia hapo, kwa shukrani.

Bibi hayupo, mwalimu hayupo. Maji yanakuja kwa bomba siku yanapopenda, na mfongo umebaki alama kwenye nyasi. Vigae navyo havinywi. Maji ya chupa yangu yaliteleza juu yake, yakazunguka mgomba, yakaupata mfongo wa zamani na kushuka nao kidogo, kuelekea kwa mwalimu.