Mashini Iliyosema Rangi Yangu Ni Nyembamba

Ninyi vijana, mkiona namba inawaka kwenye mashini, mnainamisha kichwa kama mbele ya padri. Someni hii.

Uasi wa kwanza, uhuru ukiwa bado mbichi, ulinitoa shuleni darasa la tatu. Uasi ninaouandika hapa ni wa baadaye, nilipokuwa tayari na wakwe. Mabomba ya mji yalikauka. Wanawake wa Kabondo, mtaa wetu, tulichota maji mtoni, na kwenye njia ya mto walisimama wenye bunduki. Basi lilipojengwa tanki la zege karibu na kanisa, mimi na wifi yangu tulipewa kazi ya kulipaka ndani rangi ya kuzuia maji, tabaka tatu.

Akaja mkaguzi, umri wa mwanangu wa kwanza, na mashini inayoenea kiganjani. Alipaka ute wa kupitishia sauti ukutani, akabandika kichwa cha mashini hapo. Akatueleza: inatuma sauti ambayo sikio halisikii, sauti inapita ndani ya rangi, inagonga zege, inarudi, kwa muda wa safari hiyo mashini inajua unene. Akasoma, akatikisa kichwa.

"Mama, rangi iko nyembamba. Mutakwangua yote."

Kukwangua yote maana yake wiki nyingine nyingi za njia ile ya mto.

Wifi yangu akamrukia: "Papa, tuliinama humu siku kumi na moja! Labda sauti yako ndiyo imechoka njiani."

Mimi sikucheka. "Hii mashini uliirekebisha juu ya nini?"

"Juu ya kipande chake, mama. Kilitoka nayo kiwandani."

"Plastiki. Bon. Sauti inakimbia sawasawa ndani ya plastiki na ndani ya rangi yangu?"

Akakitoa kile kipande mfukoni, akakigeuzageuza.

Kila tabaka nililopaka ukutani nilikuwa nimelipaka pia juu ya kipande cha kioo kilichovunjika. Marehemu mume wangu, aliyekuwa akipaka meli rangi, alinifundisha hivyo ili kujua kama imekauka. Nilibandua nusu ya ngozi ile ya rangi, tukaibana ndani ya palmer, chombo cha mafundi cha kupimia unene: nusu milimita, kama karatasi ya mkaguzi ilivyodai. Nusu iliyobaki kwenye kioo akaipima kwa mashini yake. Ikasoma pungufu, kama ilivyosoma ukutani.

"Donc iko mashini yenye kukosea," akasema polepole.

Akabonyeza, akabonyeza, mpaka ikakubaliana na palmer. Tukarudi ukutani: nusu milimita, nusu milimita na zaidi. Nyuma ya ngazi tu namba ilishuka.

"Hapo ni mimi," nikasema. "Mgongo uliuma, nikaharakisha."

Nikapakwangua mwenyewe, nikapaka upya. Kabla ya kuondoka aliomba ile ngozi ya rangi aende nayo kurekebishia mashini kwa kazi nyingine. Nilimpa, na nilitembea Kabondo nzima kichwa juu.

Rangi ilipokomaa na maji kufunguliwa, niliwaambia watu wa nyumba yangu: "Ndoo zote tankini. Nikimuona mutu kwenye njia ya mto, hakuli kwangu. Na atakayesema maji yananuka rangi, anyamaze, anywe."