Chuma Kilichonilalia Kifuani

Jamani, leo nimepita karibu na shule yangu ya zamani kule Mbooni na kifua kikanibana.

Miaka ya themanini, nikiwa fomu tatu, nilikuwa mwembamba hadi nilingoja wenzangu wote watoke bafuni ndipo nioge.

Siku ya michezo ilikuwa inakaribia. Kaptura, fulana, wazazi wote wakitazama!

Usingizi uliniisha.

Kila jioni nilijificha nyuma ya karakana, nikinyanyua chuma chenye makopo mawili yaliyojazwa simiti. Sikupenda mazoezi. Niliogopa tu mwili wangu.

Jioni moja, nikiwa nimelala chali, mikono iliisha nguvu. Chuma kikanilalia kifuani.

Pumzi haikuingia.

Mnadhani niliita msaada? Wapi! Niliona heri nife kuliko kuonekana.

Kisha nikasikia hatua. Alikuwa Mutua wa fomu nne, mwenye mabega mapana, ambaye sote tulimwogopa. Akakiinua chuma, akaketi kando yangu. Nilingoja anicheke.

"Tafadhali, usimwambie mtu umeniona hapa," akasema.

"Kwani wewe unatafuta nini huku?"

"Mazoezi, kama wewe. Miguu yangu ni kama ya kuku. Nitavaaje kaptura mbele ya watu?"

Alikuwa na woga kunishinda.

Nilimwambia ukweli: sikuwa nimewahi hata siku moja kuitazama miguu yake.

"Kweli?" akauliza. Akauliza tena. "Kweli kabisa?"

Siku ya michezo tulisimama pamoja mstarini, bado tukiogopa, lakini tulikimbia.

Nyinyi mlikuwa mnaficha nini? Niambieni, sitacheka.