Matairi Mapya Yawekwe Wapi

Mume wangu alikuwa na msimamo kuhusu matairi kama wengine walivyo na msimamo kuhusu siasa. Ukinunua mawili mapya, yanakwenda mbele. Yaliyochoka yanarudi nyuma, na mjadala umefungwa. Mimi nilikuwa nasema nyuma, yeye anasema mbele, na miaka yote tuliyoishi pamoja Lodwar sikuwahi kushinda hata mara moja. Alikuwa dereva wa lori, mimi muuza samaki. Nani angenisikiliza?

Alipokwenda Juba kwa mara ya mwisho, aliniachia gari kuukuu aina ya Probox na sheria yake ya matairi. Nilivishika vyote viwili. Watu wakiniuliza, nilijibu kwamba mzee amesafiri, na haukuwa uongo. Madereva waliovuka mpaka wa Nadapal walikuwa wakiniletea salamu zake. Mwanzoni salamu zilikuwa ndefu, zikiwa na habari za barabara, za mgongo wake, za mzigo uliokwama mpakani. Baadaye zikabaki mbili tatu tu: mzee yuko, mzee ni mzima, mzee anasalimu. Kisha madereva wakaanza kununua samaki kwangu bila kunitazama usoni.

Sikulia. Mimi ni mtu wa hasira, na hasira ilinisaidia sana. Nilikuwa nagombana naye jikoni peke yangu, nikimjibu hoja alizonipa zamani, na nyingine nilimtungia mwenyewe ili nipate cha kujibu. Nilipika ugali wa watu wawili kwa sababu mkono wangu haukujua kipimo kingine. Kilichobaki nilikila asubuhi, kikavu, nimesimama. Upweke una ladha ya ugali wa jana, na sisemi hivyo ili nionewe huruma, nasema kwa sababu niliula kwa muda mrefu.

Kazi yangu ni samaki wakavu. Nawachukua Kalokol, kando ya ziwa, nalala nao Lodwar, na kila Jumanne nawapeleka Kakuma, ambako akina mama Wakongo wa kambi ya wakimbizi wanawagombania. Magunia yote hukaa sehemu ya nyuma ya gari. Zamani barabara ya Kakuma ilikuwa mawe matupu, na mawe hutangulia kulipiga tairi la mbele. Sheria ya mume wangu ilizaliwa hapo, na hapo ilikuwa na akili. Lakini sasa tuna lami. Mvua ikinyesha milimani, laga, yale makorongo makavu, zinajaa maji na kumwaga tope jembamba juu ya lami, na gari linateleza kama limekanyaga sabuni.

Ndivyo ilivyonitokea wiki moja kabla ya siku ninayoisimulia. Nilikuwa natoka Kakuma, gari tupu, matairi ya nyuma vipara. Nilipofika kwenye tope, mkia wa gari ukaondoka. Mbele palikuwa panashika vizuri kabisa, usukani ulinitii, ila nyuma kulikuwa na safari yake. Gari lilizunguka likasimama likiangalia nilikotoka. Nilizima injini, na jambo la kwanza nililosema kwa sauti lilikuwa, "Si nilikwambia?" Hapakuwa na mtu wa kuambiwa. Ngamia watatu walikuwa wakinitazama kutoka kando ya barabara, basi.

Jumanne iliyofuata nilinunua matairi mawili hapo hapo Kakuma, nikayapeleka kwa fundi wetu. Nasema wetu kwa sababu mume wangu ndiye aliyempata, Mkongo mmoja mwenye karakana ya mabati karibu na soko la kambini. Alikuwa akimwogopa mume wangu kidogo na kumpenda sana.

"Ejok, mama," alinisalimu. Kiturkana chake kiliishia hapo.

"Ejok. Hizi zinaenda nyuma."

Alicheka. Alidhani nimechanganya. Akaanza kuviringisha la kwanza kuelekea mbele.

"Nyuma," nikarudia.

"Mama, mzee anawekaka mbele. Siku zote mbele."

Kijana wa bodaboda aliyekuwa akijaziwa upepo akajitia. "Mathe, weka mbele. Mbele ndio kuna steering. Ikipasuka mbele umeenda."

"Na wewe pikipiki yako ina matairi mangapi mbele?" nikamuuliza. "Mbele kukiteleza, nina usukani, nahisi, nageuza. Nyuma kukiteleza nitashika nini? Mkia?"

Kijana alicheka, lakini fundi hakucheka. Alisimama amelikumbatia tairi langu. Pale karakanani kuna desturi ambayo sikuitunga mimi: gari likiletwa na mke, mume huulizwa. Siku moja mwanamke alibadilishiwa taa, mumewe akaja na rungu kuuliza nani alitoa ruhusa. Tangu hapo mafundi wa kule hawagusi kitu kabla ya simu kupigwa. Na aliyetakiwa kupigiwa leo alikuwa mume wangu.

"Miye naogopa, mama. Mzee akikuya atanigombesha. Mupigie tu. Akisema nyuma, naweka nyuma."

Ningeweza kumwambia kwamba sijaisikia sauti ya mzee tangu aondoke. Ningeweza kumwambia kwamba gari ni langu, yakaisha. Lakini kusema hivyo mbele ya watu kulikuwa sawa na kutangaza kwamba sina mume, na jambo hilo nilikuwa sijalisema hata nikiwa peke yangu chumbani. Namba yake ya Juba nilikuwa nayo. Dereva mmoja aliniletea mwaka uliopita. Nilijiambia sipigi kwa sababu aliyeondoka ndiye anayepiga. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Nikaenda kusimama chini ya mwarobaini, mbali kidogo, nikapiga. Nilikuwa nimepanga maneno. Sikupanga kulia wala kulaumu. Nilipanga kumuuliza mbele au nyuma, kama vile hajawahi kuondoka, nione atajibu nini. Nilitaka tugombane. Nilitaka sana.

Simu ikaita, ikapokewa na mtoto.

"Baba mafi," akasema.

Ukiuza kitu Kakuma utajifunza neno hilo siku ya kwanza. Mafi, hakuna, hayupo. Mtoto akarudia kwa subira, kama mtu aliyezoea kupokea simu za baba yake, kisha akaongeza maneno mengi ya Kiarabu cha Juba, ya haraka, yaliyonyooka, sentensi kamili moja baada ya nyingine. Nyuma yake sauti ya mwanamke iliuliza kitu kutoka ndani ya nyumba. Mtoto akamjibu, na simu ikakatwa.

Ilikuwa miaka miwili tangu mume wangu aondoke. Mtoto yule hakuwa wa miaka miwili. Alikuwa anazungumza kama mtoto wa kwenda shule. Maana yake, wakati sisi tunagombana Lodwar kuhusu matairi, mume wangu ameshika spana na ananicheka, mtoto huyo alikuwa amekwisha kuzaliwa na anamwita baba.

Nilibaki nimeweka simu sikioni muda zaidi, kwa sababu fundi na yule kijana walikuwa wananitazama. Niliinamisha kichwa mara mbili tatu kukubali, kama mtu anayepewa maelekezo. Niliona aibu, na aibu ilinishinda hata uchungu. Kisha nikarudi.

"Mzee anasema nini?" fundi akauliza.

"Amesema nyuma."

"Mzee? Nyuma?"

"Amebadilika," nikasema.

Fundi alitikisa kichwa kwa mshangao, akasema Juba inageuza watu, akaingiza jeki chini ya gari. Aliniahidi kufanya haraka, maana alizoea haraka yangu. Kila Jumanne nilikuwa nakimbiza gari nifike Lodwar mapema, mume wangu asije akarudi akakuta mlango umefungwa. Nilivuta jerikeni, nikakaa, nikamwambia afanye taratibu tu.