Mguu wa Mahoro

Kwetu Goma sungura hukaa chini ya kitanda mpaka sikukuu, kisha huhamia kwenye sufuria. Ndiyo maana mtaa wetu wa Mabanga ulimcheka Mama Dancille Mukamugema alipoanza kumlea mmoja kama mtu wa nyumbani, na mimi Twahiru, mpangaji wake, dereva wa lori la samaki wa Vitshumbi, nilicheka kuliko wote. Alimpa jina la Mahoro, yaani amani. Mnyama mwenyewe alikuwa na hasira za askari wa bariyeri ya barabarani.

Kilichomwokoa Mahoro na sufuria ni mguu wake. Kabla ardhi haijatikisika, kabla sisi hatujahisi kitu, alikuwa akipiga mguu wa nyuma chini kwa nguvu. Mwanzoni nilisema ni bahati tu. Baadaye nikajikuta natoka nje mbio kila anapopiga, suruali mkononi, na kicheko kikanihamia mimi.

Mama Dancille alikuwa na sababu ya kusikiliza dalili. Uasi wa mwaka 1998 ulimtoa Rutshuru na mume mgonjwa, akamzika njiani. Mwaka 2002 mlima wa moto wa Nyiragongo ukateketeza chumba alichokuwa amepanga. Tangu hapo furushi lake halikufunguliwa tena. Lilikaa nyuma ya mlango na sufuria, blanketi na nguo mbili. Riziki yake ilikuwa kuwatunza wanawake waliotoka kujifungua: kuwakanda kwa maji moto, kuwapikia uji, kuwafunga tumbo kwa kitenge.

Kazi hiyo ndiyo iliyomponza. Daktari wa mifugo, Cirimwami, alimwambia mapema kwamba sungura jike wa kufugwa tu, asiyezalishwa, ni vizuri atolewe kizazi akiwa na miezi mitano au sita, mwili umekomaa na bado ana nguvu. Akiachwa azeeke, kizazi huota uvimbe. Mama Dancille hakutaka kusikia. Maisha yake yote aliyatumia kutunza vizazi, sasa akubali kutoa kimoja kizima? Mahoro alijinyofoa manyoya ya kifua akajenga kiota cha watoto wasiokuwepo, na yeye akasema ni huzuni tu, itapita. Miaka ilipita. Kisha mkojo wa Mahoro ukawa na damu.

Alipasuliwa Jumamosi moja ya mwezi wa tano, 2021. Uvimbe ulikuwa umeanza lakini ulitoka wote. Cirimwami alimrudisha mchana pamoja na maagizo: akae peke yake mahali pa joto na penye utulivu, asirukeruke, apewe dawa ya maumivu, kidonda kitazamwe asubuhi na jioni. Zaidi ya yote ale majani siku hiyohiyo, na mavi yaonekane. Sungura asipokula matumbo husimama, na yakisimama hana siku nyingi.

Jioni ile mlima ukapasuka. Anga likawa jekundu, watu wakajaa barabarani na magodoro kichwani, wengine kuelekea Sake, wengine mpakani na Rwanda. Nikamwambia Mama Dancille tupande lori tuondoke. Hata hakuinuka.

“Mutu mwenye kushonwa leo hatembezwi,” alisema. “Wewe enda, mutoto yangu.”

Nilikasirika sana. Nilimwita mkaidi, nikasema na mengine yasiyofaa kuambiwa mama mzima, kisha nikakaa chini pale pale mlangoni. Moto ulisimama kabla ya kufika kwetu.

Kulipokucha, majivu yalikuwa juu ya kila kitu. Barabara ya Rutshuru, ile ya kwenda Vitshumbi, ilikuwa imezikwa na lava, kwa hiyo mimi na lori langu tukabaki mapambo. Mahoro alikuwa hajagusa jani. Alijikunyata, anasaga meno taratibu, na chini yake hapakuwa na hata punje moja ya mavi. Tulihangaika na mtandao mpaka sauti ya Cirimwami ikapatikana. Alisikiliza, akauliza:

“Mulimufunga kitu ku tumbo?”

“Kitenge tu, kidogo. Kama mama yote mwenye kuzaa.”

“Fungua sasa hivi, Mama. Ile tumbo inapashwa kutembea.”

Sikucheka. Mikono iliyofunga matumbo ya nusu ya mtaa ikafungua fundo lile.

Mimi nilitumwa majani. Kila nilichochuma kilikuwa na majivu, na daktari alikuwa amekataza asile majivu. Mama Dancille aliyaosha jani moja moja kwa maji ya bidoni, lile dumu la ndani, si ya mvua, akayakung’uta, akayasogeza mdomoni kwa Mahoro, akaomba kwa Kinyarwanda. Watu wazima wawili tukakaa kusubiri mavi ya sungura, mji ukiwa unatikisika. Mahoro akatafuna. Jioni tukapata punje mbili ndogo, kavu, na Mama Dancille akazishika mkononi akilia.

Siku zilizofuata ardhi haikutulia. Kuta zilipata nyufa, na barabara nyingine ikaachama. Wale waliotucheka walikuja mmoja mmoja kuuliza kama Mahoro amepiga mguu. Hajapiga, niliwajibu, na wakarudi kwao wamefarijika kwamba mlima umemaliza. Nami nilitaka sana kuamini hivyo.

“Hanyamaze sababu mambo imeisha,” Mama Dancille aliniambia. “Ananyamaza sababu anaumwa.”

Alhamisi asubuhi kulikuwa kimya, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nimelala vizuri. Mama Dancille alikuwa akitazama kidonda: kimekauka, nyuzi safi, hakuna uvimbe. Mahoro alikuwa akila mkononi mwake. Ghafla akaacha kutafuna, masikio yakasimama. Akapiga mguu. Akapiga tena, kwa nguvu yake yote ya zamani, mpaka kifuniko cha ndoo kikalia.

“Amepona,” alisema Mama Dancille, na uso wote ukacheka.

Nilifurahi mpaka nikapiga makofi kama mjinga. Kisha tukatazamana, na makofi yakaniishia mkononi. Redio ilikuwa bado haijatangaza kwamba Mabanga ihame.

Alimlaza Mahoro kikapuni juu ya majani makavu, akamfunika kwa kitenge kilekile bila kukifunga, akaniambia nikawashe lori. Furushi alilitoa mwenyewe nyuma ya mlango.