Mto Uliofanywa Mpaka

Mwanangu, iko siku moja ambayo sijaweza kuisahau ingawa mvi zimenijaa kichwani. Nilikuwa kijana, nimekaa uani kwetu, kijijini Kwa Mutinda, pamoja na rafiki zangu, tumetandaza ramani juu ya kiti, na mama yangu yuko kando akipepeta mbaazi kwenye ungo. Lakini kabla sijafika hapo, lazima nikueleze tulivyokuwa.

Kijiji chetu kilikaa ng'ambo zote mbili za mto. Ni mto wa kwetu huku Ukambani, sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, watu wanafukua maji kwa kata. Soko lilikuwa upande mmoja, zahanati upande wa pili, na katikati daraja la mbao. Hakuna aliyesema yeye ni wa upande huu au ule. Tuliozana, tukazikana, tukaimba kanisa moja.

Diwani wetu wakati huo alikuwa Mulwa, mtu wa mlimani, kwani wadi yetu ilichukua mto na mlima ulio juu yake. Watu wa mlimani walimpenda, na sisi wa mtoni tulimpenda Ndunge, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke asiyeogopa kuuliza pesa za barabara zimeenda wapi. Ndunge aligombea kiti, akashindwa na Mulwa kwa kura chache sana. Mulwa aliliona hilo, na mwenye macho haambiwi tazama.

Mipaka ya wadi ilipopitiwa upya, naye akiwa na mkono wake mle, mto wetu ukafanywa mpaka. Upande wa soko ukaunganishwa na mlima. Upande wa zahanati ukatupwa kwenye wadi nyingine iliyoteremka mpaka karibu na barabara ya Matuu, kwa watu tusiowajua wala wao hawatujui. Mkutano wa kuuliza maoni ya wananchi ulikuwa umefanyika mjini Machakos. Tangazo lilibandikwa mlangoni pa ofisi huko huko mjini. Nani angelisoma? Sisi tulikuwa shambani tukipalilia.

Uchaguzi ulipofika, nyumba ya Ndunge ilikuwa wadi moja na nusu ya watu wake wadi nyingine. Hakuna aliyetuibia kura, mwanangu. Kila mmoja wetu alipiga yake na ikahesabiwa. Zilikuwa zimekatwa vipande kabla hatujazipiga. Kesi ya ngedere ikipewa nyani aiamue, hukumu unaijua kabla ya kuketi.

Hilo tungelistahimili. Lakini mvua za mwisho wa mwaka zikaja na daraja likachukuliwa na maji. Tulienda kwa Mulwa, akasema daraja ni la wadi ya pili. Tukaenda kwa diwani wa pili, naye akasema ni la Mulwa. Kila mmoja alitujibu kwa upole, akatuonyesha na ramani.

Dada yangu Mwende alishikwa na uchungu wa kuzaa mchana, mto ukiwa umefura. Tulimbeba kwa machela mpaka ukingoni. Zahanati tuliiona kwa macho, bati lake jekundu, muuguzi amesimama ng'ambo anatupungia mikono tusijaribu kuvuka. Mume wake alijaribu kuingia na kamba kiunoni, tukamrudisha. Tukangoja maji yapungue. Hayakupungua. Mwende alifia pale kwenye nyasi, na mtoto wake tumboni, kichwa chake kikiwa mapajani pa mama.

Sasa rudi nami uani. Miaka ilikuwa imepita, na ikasemekana mipaka itapitiwa tena. Safari hii tulipata habari mapema, na mbunge wa wakati huo alikuwa wa upande wetu. Mtu wake alituambia tuchore mapendekezo, yeye atayafikisha. Ndiyo maana tulikuwa na ramani, mimi, na Mutisya aliyekuwa mume wa Mwende, na vijana wengine wa rika letu.

Tulichora tukicheka. Mlima tuliukata mara mbili. Nyumba ya Mulwa tuliitenga na ndugu zake.

Mama aliweka ungo chini akaja. Alikuwa hajui kusoma, lakini milima na mito aliijua.

"Hapa ni wapi?" akauliza.

"Ni mlimani, Mwaitu," nikamjibu. Ndivyo tunavyowaita mama zetu kwa Kikamba.

"Na kisima chao kimebaki upande gani?"

Nikasema kimebaki kwetu.

"Wao watachota wapi?"

Mutisya ndiye aliyemjibu, bila kuinua uso. "Na wao waonje, Mwaitu."

Mama alimgeukia. Hakupandisha sauti.

"Mimi nimeonja, Mutisya. Na wewe umeonja. Yuko mama mwingine unayetaka aonje?"

Mutisya aliinuka akaenda nyuma ya ghala, na tulimsikia akilia. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, wazee walisema. Sisi tuliochomwa nao ndio tuliokuwa tunaunoa.

Juma lile Ndunge na mama walipanda mlimani kwa miguu. Walikaribishwa kwa mashaka, kwa sababu watu waliogopa wametumwa. Mwishowe wazee wa pande zote walikaa katika ukumbi wa kanisa, pamoja na mfanyabiashara mmoja wa mbuzi, Msomali, ambaye hakuwa na diwani wala shamba na kwa hiyo kila mtu alimwamini. Yeye ndiye aliyeshika kalamu. Mama alitoa sharti moja tu: chora kama mtu asiyejua kesho ataamkia upande gani. Mpaka wao ulifuata mgongo wa kilima kilicho kati yetu na mlima, ukaacha soko na zahanati pamoja, ukawaachia watu wa mlimani kisima chao, na idadi ya watu wa kila wadi ikakaribiana na ya nyingine.

Tuliupeleka Machakos tukiwa wengi. Walitusikiliza, wakaandika, wakatushukuru.

Ramani ilipotoka, mto ulikuwa bado ni mpaka. Mtu wa mbunge alikuwa amepeleka ile ya kwanza, tuliyoichora uani naye akaichukua mapema, na wengine wakapeleka zao, na wakubwa wakagawana. Mlima nao ukakatwa. Mulwa aliangushwa, na aliyemfuata hakuwa bora kuliko yeye. Mama alizikwa kabla daraja halijajengwa.

Basi nakueleza hivi kwa sababu nasikia mipaka inazungumzwa tena, na wewe ni mpiga kura. Usimwamini mtu anayegombea kiti akikuambia amekuchorea mpaka mzuri, hata kama ni wa chama chako, hata kama ni mjomba wako. Dai wachoraji wawe watu wasiokula matunda ya mstari huo, na kazi yao ionekane mchana. Ramani ibandikwe sokoni na kanisani na msikitini, si mlangoni pa ofisi ya mbali. Uliza kila eneo lina watu wangapi, na ni jamii gani imepasuliwa na kwa nini. Nenda mapema, ngozi huvutwa ingali na maji. Na ukiona jirani anakatwa, simama naye hata kama hakukupigia kura, maana kalamu ikishazoea kukata haina rafiki. Huenda usishinde. Sisi hatukushinda. Lakini watu wa mlimani walipomzika mama yangu pamoja nasi, hakuna aliyewauliza wametoka wadi gani.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona mstari kabla haujakauka, na moyo usiofurahia maumivu ya jirani. Shamba lako lipate mvua ya kutosha, watoto wako wavuke kila mto wakiwa wazima, na uzee wako uwe mwepesi kuliko wangu. Amina.