Senti za Tundu Kwenye Bakuli la Samli

Nilianza kukusanya sarafu za kikoloni kwa sababu ya kukosa wateja. Nina meza ya vitenge sokoni hapa Mwanza, na biashara ikidoda mtu hutafuta cha kuangalia. Mimi niliangalia senti za tundu, zile zenye shimo katikati, alizokuwa akiniuzia jirani yangu wa vyuma chakavu. Mwanzoni niliziona zote ni moja. Kisha nikajifunza: ya Afrika Magharibi ina nyota, ya kwetu ina pembe mbili za ndovu zilizolikumbatia shimo, ya senti tano ni ndogo, ya kumi ni pana. Zikifanana kwa hayo yote, unasoma jina la mfalme, halafu mwaka, halafu unatafuta kwa lenzi herufi ndogo ya kiwanda, ambayo mara nyingine haipo. Nilijiona mtaalamu kwelikweli.

Mtoto wangu wa pili alipozaliwa, mama mkwe alivuka kutoka upande wa Geita naye akiwa na senti ya tundu. Katika ukoo wa mume wangu, senti hiyo aliivaa babu yao kiunoni alipokuwa mchanga, na kila mtoto anayerithi jina lake huivaa mpaka atembee. Mtoto wetu wa kwanza hakuivaa. Aliishi siku chache tu, akafariki wakati bibi yake akiwa bado kwenye foleni ya kivuko Busisi, senti ameifunga kwenye pindo la khanga. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mambo hayo mawili yanahusiana. Mimi ni mtu wa kanisani, nilisema siamini, na nilikuwa naogopa kuliko wote.

Safari hii, badala ya kivuko, daraja lilikuwepo. Alifika asubuhi, nikampa shikamoo, akaitikia huku akiomba bakuli na samli, kwa kuwa senti hupakwa samli kabla ya kuvalishwa. Nikaenda kumwogesha mtoto. Niliporudi alikuwa ameshakata uzi wa zamani uliooza, na ndani ya bakuli, pamoja na senti ya babu, zilikuwemo zangu zote nilizokuwa nimezipanga mezani pale nyumbani.

"Mama, hizi zimeingiaje humu?"

"Nimezikuta mezani, mwanangu. Nikasema hawa ni babu za upande wenu, wamekuja kumwona mtoto. Ningempakaje mmoja, wenzake wakiangalia?" Akanyoosha kiganja. "Haya, nitolee wa kwetu. Macho yangu siku hizi hayafai."

Nikakaa sakafuni na bakuli langu. Nikizifunga kiunoni mwa mwanangu senti za watu nisiowajua, nitakuwa nimemkabidhi kwa nani? Nikachukua lenzi. Mume wangu alishaniambia kwamba ya babu ni ya kwetu huku, ya senti kumi, ya mwaka aliozaliwa. Zenye nyota nikaziweka kando. Ndogo, kando. Wafalme wengine, kando. Kila nilipoondoa moja nilihisi huenda ndiyo hiyo, nikairudia. Mtoto akalia, nikashtuka nikidhani analia kwa sababu ya nilichokuwa nimeshika.

Zikabaki mbili. Mfalme mmoja, mwaka mmoja, zote hazina herufi. Nikakumbuka uzi: senti iliyovaliwa miaka na miaka, shimo lake hulika upande mmoja. Nikaifuta moja samli nikaitazama. Imelika. Nikashusha pumzi. Nikaifuta ya pili, nayo imelika vilevile.

Hapo ndipo hofu ilipobadilika. Mojawapo nilikuwa nimeinunua ikiwa kwenye kopo la misumari, na nayo ilikuwa ya mtoto wa mtu.

Nikampa mama mkwe zote mbili, nikamwambia ukweli kwamba nimeshindwa. Akazipapasa kwa muda mrefu, naye hakuweza kuzitenganisha.

"Hii nyingine umeitoa wapi?"

"Kwenye vyuma chakavu, mama."

"Imevaliwa."

"Ndiyo."

"Mtoto wake yuko wapi?"

Nilitazama mlango, nikatamani mume wangu arudi kutoka kazini saa ileile.

Akaanza kusokota uzi mpya pajani. "Zifunge zote mbili," alisema. "Wetu yumo. Na huyu hatumrudishi kwenye misumari."

Nilizifunga mimi mwenyewe, vidole vikiteleza kwa samli.

Sarafu sikusanyi tena. Senti moja kiunoni mwa mtoto haina sauti, lakini mbili hugongana. Sasa anatambaa, nami nikiwa jikoni namsikia anakokwenda: chini ya meza, mlangoni, kwenye ndoo. Zikinyamaza, naacha sufuria motoni na kukimbia. Kila mara namkuta amelala tu. Hata hivyo humwekea mkono kifuani, na siuondoi mpaka nihisi anapumua.