Barabara Inayopinda Basotu

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika kipimo chochote. Nilibebeshwa vigingi. Niliripoti ofisi ya ardhi Mbulu asubuhi ya ukungu, nimevaa shati jeupe alilolipiga pasi mama kule Same, na Bwana Mpima wa Wilaya akanitazama kuanzia kola hadi viatu.

"Shati hilo halifiki jioni," akasema, akanionyesha rundo la miti iliyochongwa ncha.

Halikufika. Wiki zile tulikuwa Tlawi, tukipima mashamba ya miteremkoni. Huko nilifundishwa kushika mnyororo, yaani kipimo cha chuma chenye pingili. Mlimani haulazwi chini. Hushikwa juu, ulale sawa hewani, la sivyo unapima mteremko na kumwandikia mtu ardhi ambayo haipo. Mikono iliuma, na Bwana Mpima hakuwa na huruma. Lakini alijua kazi, na mimi niliipenda kazi kuliko nilivyomwogopa yeye.

Alipohamishiwa Hanang alinichukua. Ilikuwa miaka ya kuhamia vijijini. Katibu Tarafa alituletea agizo: kijiji kipya kando ya Ziwa Basotu kipimwe, na watu wawe wamejenga kabla ya mvua. Kwingine waliochelewa walibomolewa nyumba, na kila mtu alikuwa amesikia.

Mpimaji akifika mahali hutafuta pa juu, ili darubini yake ya miguu mitatu ione mbali. Pale tambarare palikuwa na kilima kimoja tu kidogo cha udongo. Bwana Mpima akapanda, akasimika darubini, akaamuru barabara kuu ipite hapo hapo, moja kwa moja hadi ziwani. Wanawake waliokuwa wakitukatia vigingi walisimama, wakatazamana, wakaondoka.

Asubuhi vigingi vyote vilikuwa vimeng'olewa. Vililazwa mbele ya hema letu, vimepangwa vizuri kama kuni. Tukavipigilia tena. Kesho yake tukavikuta tena mlangoni.

"Wezi hawa!" Bwana Mpima alifoka.

"Mwizi harudishi, mzee," nikamwambia. Akanituma nikaulize, maana mdomo ulishaniponza.

Nilipelekwa kwa Bibi Udaghwenga, mjane wa Kidatoga. Nilimwamkia shikamoo, akaniacha nimesimama kwanza. Mwanawe Gidamis ndiye aliyetufasiria.

"Huyo mkubwa wako amempanda mume wangu na viatu," alisema.

Kile kilima kilikuwa bung'eda, kaburi la heshima ambalo Wadatoga humjengea mzee aliyetukuka. Ukoo na majirani walikuwa wamekiinua kwa miezi, udongo juu ya udongo. Niliona aibu hadi masikioni.

"Serikali imesema tuhame," akaendelea. "Nyumba nitahamisha. Mume wangu sitamhamisha. Mwambie hivyo hivyo, usimpunguzie."

Sikumpunguzia. Bwana Mpima akasema, "Barabara ya kijiji haipindi kwa ajili ya kaburi. Nikipinda hapa, kesho kila mtu ataleta babu yake."

Sisi Wapare tunataniwa kwamba ni wabishi, na siku ile nilistahili utani wote. Nilimwambia mistari ikibaki vile, vigingi vitang'olewa mpaka mvua inyeshe, na watakaoumia ni hao watu. Nikaomba niipime upya mwenyewe, bila kupunguza kiwanja cha mtu hata hatua.

"Ukishindwa," akasema, "unarudi Same."

Kupinda si kazi ndogo. Ukisogeza barabara, viwanja vyote vinasogea nayo, na pembe za huku zisipolingana na za kule, jirani wawili watagombana maisha yao yote. Nikauhamisha uwanja wa mikutano ukazunguka kaburi, nikaipitisha barabara pembeni. Mawingu yalikuwa yameshaufunika Mlima Hanang. Wanawake walirudi wenyewe wakanishikia fimbo za kulengea. Kigingi cha kwanza cha ile kona alikishika Bibi Udaghwenga, mimi nikagonga.

Bwana Mpima alichungulia darubini kwa muda mrefu, safari hii akiwa chini.

"Umeniharibia mstari," akasema. Akatia saini. Hakunipandisha cheo mpaka alipohama, lakini vigingi havikung'olewa tena, na mvua ilikuta watu wameezeka.

Baadaye nilipima Mogitu, nikapima Katesh, nikapita chini ya wakubwa wengi, wengine wazuri. Nilipostaafu sikurudi Same, nilijenga Basotu. Siku hizi wageni huja kuona viboko na ndege wa ziwani, na wajukuu wa Gidamis huwapitisha kwenye ile bung'eda na kuwaeleza habari zake.

Majuzi Halmashauri ilituma mpimaji kijana kuinyoosha barabara. Niliposikia nilichukua fimbo yangu nikaenda haraka, maana Bibi Udaghwenga hayupo tena wa kung'oa vigingi. Nilimkuta yule kijana amesimama kwenye kona, anakuna kichwa.

"Shikamoo, mzee. Unamfahamu aliyepima hapa?"

"Marahaba. Ni mimi."

Akaona haya. "Samahani, mzee. Hapa vipimo vilikosea?"

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Lete mnyororo wako, nikuonyeshe nani amelala hapa."